Mashine iliyopona mara tatu

Tumaini aliweka daftari juu ya kaunta yangu, akasogea kwenye jiko kuota moto. Ilikuwa Julai, saa mbili asubuhi, na Njombe mwezi huo hata jogoo huwika kwa kujilazimisha.

"Shikamoo, fundi. Mama kasema usome hili kwanza, ndiyo umpigie."

"Marahaba. Imegoma tena?"

Hakujibu. Alikuwa kanyoosha viganja juu ya makaa, karibu auzibe moto wote. Mimi nikafungua daftari. Lilikuwa lile la shule, jedwali la kuzidisha nyuma, safu zimepigwa kwa rula na penseli. Siku. Saa. Imebonyezwa mara ngapi. Imewaka au haikuwaka. Hali ya hewa.

Jumatatu, saa 1:15 asubuhi, mara 6, imewaka, baridi.

Jumatatu, saa 8:00 mchana, mara 1, imewaka, jua.

Jumanne, saa 1:10 asubuhi, mara 9, imewaka, baridi kali. Mama amekasirika.

Wiki tano za namna hiyo. Katikati yake, mara mbili, kwa wino mwekundu: "Fundi ametengeneza." Baada ya kila wino mwekundu zinafuata siku chache za mara 1, mara 1, mara 1. Halafu namba zinaanza kupanda tena, mara 3, mara 5, mara 7, polepole, kama mtu anayepanda ngazi usiku hataki asikike.

Tumaini yuko darasa la sita. Nilifunga daftari nikajisikia nimesomewa mashtaka.

## Betri, raba, pawa saplai

Mama yake ana steshenari: barua, fomu, mitihani ya majaribio ya shule za jirani. Mashine yake ni moja ya zile desktop za mtumba zilizoshuka na kontena, prosesa ya Core 2 Duo, RAM (vijiti vya kumbukumbu) za DDR2, na mgongoni bado ina stika ya namba ya mali ya ofisi fulani huko Ulaya.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Unabonyeza, taa inawaka, feni inazunguka, kisha kimya. Hakuna mlio, kioo ni cheusi. Unazima, unabonyeza tena. Mara ya nne, ya sita, ya tisa, unasikia "pii" moja fupi, na kuanzia hapo inapiga kazi mpaka jioni bila kinyongo.

Mara ya kwanza, kabla Tumaini hajaanza daftari, nilibadilisha betri ya CMOS, kile kibetri cha bodi kinachotunza saa na mipangilio mashine ikiwa haina umeme. Nilikuwa na sababu: Mama Tumaini huzima swichi ya ukutani kila jioni kwa kuogopa radi, na kibetri chenyewe, CR2032, kilisoma volti 2.6 badala ya 3. Shilingi 5,000. Ikapona siku nne.

Mara ya pili nilitoa RAM nikazisugua meno, zile ncha zinazogusana na bodi, kwa raba ya kufutia, nikapuliza vumbi, nikazirudisha. Fundi yeyote anayesoma hapa anaijua raba. Shilingi 10,000. Ikapona siku tatu.

Mara ya tatu nilibadilisha pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya mashine. Hapa sikuwa na sababu. Nilikuwa nimeipima ile ya zamani: waya wa njano volti 11.9, mwekundu 5.0. Kiwango kinaruhusu asilimia tano juu na chini, yaani ule wa njano unaweza kucheza kati ya 11.4 na 12.6 bila mtu kulalamika. Ilikuwa nzima. Lakini fundi akiishiwa mawazo hubadilisha pawa saplai. Shilingi 45,000. Ikapona wiki moja kasoro siku.

Kila mara nilimpigia simu nikamwambia neno lile lile: imepona.

## Kwangu inawaka

Kilichokuwa kinanitesa ni kwamba kwangu haikuwahi kugoma. Ililetwa kwa bodaboda imefungwa blanketi kama mtoto mchanga, nikaiweka mezani, nikachomeka, nikabonyeza. Pii. Nikazima, nikabonyeza. Pii. Siku moja nilifanya hivyo mara arobaini nikihesabu kwa sauti, mpaka kijana anayenisaidia akaniuliza kama niko sawa.

Wenye magari wanaijua hali hii. Gari linakusumbua mwezi mzima, ukilifikisha gereji linanguruma kama limetoka dukani jana.

Nikaanza kumtuhumu kila mtu isipokuwa mashine. Soketi za dukani kwake. Ekstensheni yake. Umeme wa mtaa ule. Nikaenda kwake mwenyewe na mita mkononi, nikapima, nikabonyeza, ikawaka mara moja. Nilikwenda saa saba mchana, baada ya chakula.

Nikamwambia, "Mama Tumaini, labda unabonyeza kwa haraka."

Sentensi hiyo imenirudia usiku mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwanamke amekuwa akiwasha ile mashine kila siku ya kazi kwa miaka, na mimi namfundisha kubonyeza kitufe.

Naona baada ya ile safari ndipo alipomwambia mwanawe asiache kuandika, hata siku nikisema imepona.

## Kuku wa mganga

Mashine iliyokufa kabisa ni kazi nyepesi. Imekaa pale, imekufa, na itaendelea kuwa imekufa hadi uguse kitu sahihi. Ikiamka, unajua ni nini kimeiamsha. Ubishi hakuna.

Inayokufa na kufufuka ni jambo lingine. Kila unachoigusa kinaonekana dawa.

Nilipokuwa mdogo kijijini kulikuwa na mzee aliyetibu homa. Ulimpelekea mgonjwa homa ikiwa imepanda kabisa, anatetemeka, anaweweseka; hakuna aliyemwamsha mzee usiku kwa homa ndogo. Mzee alichemsha majani yake, akampa. Asubuhi homa imeshuka. Wazazi wakapeleka kuku. Homa ikirudi baada ya siku mbili, lilitafutwa jina jingine: hii ni nyingine, imetumwa na mtu. Kuku wa pili.

Simsemi mzee kwa ubaya. Naamini alikuwa anaamini majani yake kwa moyo wote, maana alikuwa amewaona watu wakipona kwa macho yake. Mimi pia niliiamini raba kwa sababu hiyo hiyo. Miaka kumi na moja nasugua RAM, na miaka kumi na moja mashine zinawaka baada ya kusuguliwa.

Na Mama Tumaini alikuwa ananiletea mashine siku ile imezidi. Mara tisa, mara kumi, kavumilia kachoka. Hakuna anayempigia fundi siku mashine imewaka mara ya pili tu.

## Safu ya tano

Kwa wiki nzima nilisoma lile daftari nikitazama safu ya tatu, namba za kubonyeza. Nilichora hadi grafu. Safu ya tano niliiona kama pambo. Nilidhani mwalimu wa sayansi kawafundisha kuandika hali ya hewa na mtoto kaendeleza mazoea.

Jioni moja nilikuwa nafunga. Kijana ameshaondoka, nikawa namwaga majivu ya jiko mwenyewe. Meza yangu ya kazi iko hatua moja kutoka kwenye jiko. Nilipoipanga hivyo miaka ile sikuwa na hoja yoyote zaidi ya vidole vyangu mwenyewe, maana huwezi kushika skrubu ndogo vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nikaegemea boksi la Mama Tumaini ili niinuke.

Bati lilikuwa na joto. Joto la sufuria iliyoepuliwa muda kidogo.

Nikasimama pale na majivu mkononi.

Kisha nikalifuata daftari na kusoma safu ya tano peke yake, kutoka juu kwenda chini, nikiziba zingine kwa kadi ya vocha. Tumaini alikuwa na maneno manne tu ya asubuhi: baridi, baridi kali, ukungu, na afadhali. Baada ya wino mwekundu wa kwanza: afadhali, afadhali, afadhali. Baada ya wa pili: afadhali, ukungu, afadhali, afadhali. Namba zilipanda pale maneno yalipobadilika. "Baridi kali" haikuwahi kuwa chini ya mara 5.

Mashine ililetwa kwangu siku baridi ilipofika kileleni, na baridi ya kileleni haikai. Ingeshuka hata kama ningeipaka ile mashine mafuta ya alizeti.

Mtoto alikuwa ameliandika jibu kwa penseli mwezi mzima.

## Stoo

Nina stoo ya nje, matofali yasiyopigwa lipu, sakafu ya saruji. Nililaza mashine humo usiku, chini kabisa, bila blanketi. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikatoka na tochi na koti juu ya koti. Nikachomeka, nikabonyeza.

Taa. Feni. Kimya.

Sijawahi kufurahia kimya kiasi kile. Nilijisikia kama aliyemnasa mwizi wa kuku kwa mkono wake mwenyewe baada ya kuambiwa mwezi mzima kuwa ni kicheche.

Sikubonyeza tena. Hili lilikuwa jambo muhimu na nilikuwa nimeliwaza usiku: kila unapobonyeza unaipasha moto. Umeme unapita, vipuri vinachemka kidogo, na jaribio la pili si jaribio lile lile tena. Mama Tumaini, kwa zile mara tisa zake, hakuwa anabahatisha. Alikuwa anaitibu, bila kujua, kwa dawa pekee iliyofanya kazi. Kwa hiyo nilijipa sheria: asubuhi moja, swali moja.

Asubuhi ya pili nilirudisha pawa saplai yake ya zamani. Kimya kile kile, na hilo nilitegemea, ila nilitaka kulithibitisha ili nijue nimemuuzia nini.

Asubuhi ya tatu nilitoa RAM zote mbili nikaiwasha ikiwa tupu.

Ikalia. Milio mirefu, tena na tena, ile ya kulalamika kwamba haioni RAM. Wengine wangesema hiyo ni hitilafu. Kwangu ilikuwa sauti ya kwanza kuisikia katika baridi. Maana yake prosesa iko hai, BIOS, ile programu ya kuamshia mashine, inasomwa, saa za bodi zinapiga, umeme wa prosesa umetulia. Maiti hailalamiki.

Asubuhi ya nne nikaweka RAM nyingine kabisa, za mashine yangu, ambazo sina shaka nazo. Kimya.

Hapo duara likawa dogo. Bila RAM inalia, ikiwa na RAM yoyote inanyamaza. RAM zenyewe hazina kosa. BIOS inaona kijiti kipo, inaanza kuzungumza nacho, inakwama katikati ya sentensi. Kilichobaki ni kile kinachozilisha RAM umeme.

Nikapima. DDR2 hutaka volti 1.8. Mita ikaniambia: 1.80.

Nilikaa chini kwenye saruji.

## Wastani

Nusu saa ile kwenye stoo ndiyo niliyokaribia kukata tamaa, nikafikiria kumwambia mama wa watu anunue nyingine. Kila nilichojua kilikuwa kinanielekeza kwenye ile volti 1.8, na volti 1.8 ilikuwepo, imenyooka, namba haichezi.

Nilichosahau ni kwamba mita ya elfu ishirini inasoma wastani. Saketi inayotengeneza umeme ule inawasha na kuzima laki kadhaa za mara kwa sekunde. Fikiria pampu inayosukuma maji kwa mafunda mafunda, na simtanki juu ya nyumba ndiyo inayofanya bomba la jikoni litiririke sawasawa. Simtanki hiyo ni kapasita. Ikichoka, bomba linakohoa, maji yanaruka na kukatika, lakini ukipima ndoo kwa saa nzima utakuta lita zile zile. Ni sawa na kusema barabara ya kutoka Njombe kwenda Makete ni tambarare kwa wastani. Kaendeshe.

Na baridi ina nafasi yake hapa. Ndani ya kapasita hizi za alumini mna majimaji yanayopitisha chaji. Yakipoa yanakuwa mazito, ukinzani wa ndani unapanda. Kapasita nzima inahimili bila shida. Iliyozeeka, ambayo maji yake yamepungua, inaanguka.

Sina osiloskopu, kile kifaa kinachochora umeme unavyopanda na kushuka. Nilikuwa na macho.

## Iliyosimama upande

Bodi nilikuwa nimeitazama mara tatu huko nyuma, kama tunavyotazama wote: unaangalia vichwa vya kapasita kama vimevimba. Kichwani zina mkato wa umbo la msalaba au herufi K, umewekwa makusudi ili gesi ikijaa itokee pale badala ya kulipuka. Ukitaka uhakika unalaza ukingo wa rula ya chuma juu ya kichwa: kikiwa bapa rula inakaa, kikiwa kimevimba rula inabembea na mwanga unapita pembeni. Vyote vilikuwa bapa. Nilipita na rula moja baada ya nyingine. Bapa, bapa, bapa.

Safari hii nilitoa bodi nje ya boksi na kuishika usawa wa macho, kwa ubavu, kama unavyokagua ubao kama umepinda.

Karibu na nafasi za RAM, mahali ambapo furushi la nyaya za umeme hulala juu yake siku zote, kulikuwa na kapasita nne kwenye mstari. Tatu zilikuwa wima. Moja ilikuwa imeinama, si sana, kama jino linalotaka kutoka. Kichwa chake bapa kabisa. Lakini chini, pale ilipotakiwa kukaa juu ya bodi, palikuwa na mwanya, na kwenye mwanya ule raba nyeusi ya kitako ilikuwa imesukumwa nje kama ulimi. Kuzunguka mguu mmoja kulikuwa na alama ya kahawia iliyokauka.

Haikuvimbia juu. Ilivimbia chini, ikajiinua yenyewe kutoka kwenye bodi.

Miaka kumi na moja nakagua vichwa.

## Barafu ya ubuyu

Ningekuwa mimi wa Juni ningeibadilisha palepale, ikawaka, nikapiga simu. Lakini nilikuwa nimeumwa na neno "imepona" na sikutaka kulisema mara ya nne kwa sababu ya jua.

Nikarudisha bodi, nikaiweka mezani kwangu, jirani na jiko, mahali ambapo haijawahi kugoma. Nikamtuma kijana dukani akaniletee barafu.

"Barafu? Sasa hivi?"

Akarudi na barafu za ubuyu, zile za shilingi mia kwenye nailoni, na ujumbe wa mwenye duka kwamba kama kuna mtu ana homa tumpeleke hospitali. Nikaifunga moja kwenye nailoni nyingine kavu, mashine ikiwa imezimwa na imechomolewa, nikaigandamiza kwenye kichwa cha ile kapasita iliyoinama. Dakika tatu. Nikaifuta jasho lake kwa kitambaa, kwa sababu tone la maji kwenye bodi ni msiba mwingine. Nikawasha.

Kimya.

Mashine nzima ina joto, kipuri kimoja kimepoa, nayo imenyamaza. Nikasubiri kipate joto. Nikawasha. Pii. Nikagandamiza barafu kwenye kapasita ya jirani, iliyo wima, dakika tatu zile zile. Pii. Nikarudi kwenye iliyoinama. Kimya.

Kijana akasema, "Fundi, unaiwasha na kuizima kama redio." Alikuwa ameshaila barafu iliyobaki.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekikosa wakati wote. Kuiwasha nilikuwa najua siku zote. Sikuwa nimewahi kuweza kuigomesha nitakavyo.

Kubadilisha kwenyewe sitaeleza sana. Kapasita mpya, kumi, zilitoka Kariakoo kwa basi, mikrofaradi 1000, volti 6.3, nyuzi joto 105, zile za ukinzani mdogo, maana za kawaida za redio zinaingia vizuri kwenye tundu ila haziwezi kazi hii. Nilipiga picha kabla ya kung'oa: mstari kwenye kapasita ni upande wa hasi, lakini alama zilizochorwa kwenye bodi usiziamini, watengenezaji hawakubaliani, wapo wanaopaka upande wa hasi na wapo wanaopaka wa chanya. Na bodi za zama hizi lehemu yake haina madini ya risasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliiondoa kuanzia Julai 2006, na lehemu hiyo mpya huyeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi wakati ile ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye 183. Pasi ndogo ya kulehemu inaganda nayo. Ongeza lehemu mpya yenye risasi juu ya ile ngumu, zichanganyike, ndipo itakuachia. Tundu nililizibua kwa kijiti cha meno.

Nilibadilisha zote nne. Ile mbovu niliiweka kwenye kile kipimio kidogo cha vipuri: ilisoma mikrofaradi 640 na ukinzani wa ndani omu 0.9. Kwenye barafu ukinzani ulipita omu 3. Mpya zilisoma 0.03.

## Umri

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na balaa la kapasita duniani, bodi na vifaa vingi mno vilikufa kwa sababu majimaji ya ndani yalichanganywa vibaya: maji yaliishambulia alumini, ikazalisha haidrojeni, vichwa vikavimba. Ilisemwa kulikuwa na fomula iliyoibwa na kunakiliwa nusu. Mafundi wa umri wangu tumelelewa na balaa lile, na nadhani ndilo lililotufundisha kutazama vichwa tu.

Hii haikuwa hivyo. Huu ni uzee. Kapasita ya nyuzi 105 mara nyingi huandikiwa saa 2,000 kwenye joto hilo, na kanuni ya kukadiria ni kwamba kila ukishusha nyuzi 10 umri unajirudufu. Kwenye nyuzi 65 ndani ya boksi hilo ni saa 32,000. Gawa kwa saa nane kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, unapata miaka kumi na tatu. Ile mashine ilikuwa imeshatumikia ofisi ya watu kabla haijapanda meli. Tunachonunua kwenye kontena ni mkia wa hesabu hiyo.

## Elfu sitini

Nilikuwa nimepokea shilingi 60,000 kwa uponyaji mara tatu. Nilichukua pawa saplai yangu, nikarudisha 45,000, nikamwambia zile 15,000 zilizobaki ndizo gharama ya kazi halisi. Akahesabu noti, akazikunja ndani ya khanga.

"Mimi, fundi, nikikosea kuchapa barua ya mtu, naichapa upya bure."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Kwa nini bado naiwaza na sasa ni Septemba? Kwa sababu ya kitabu changu cha risiti. Nilikifungua nikatafuta neno "raba," au "kusafisha RAM," au "huduma." Yapo mengi. Nilikuwa naamini kwamba wale waliopona ni wale ambao hawakurudi. Nikawapigia watatu niliokuwa na namba zao, nikajifanya naulizia wino wa printa.

Mmoja mashine yake inafanya kazi mpaka leo.

Wa pili hakuikumbuka.

Wa tatu, mwalimu, alicheka: "Ile? Ilikufa wiki ile ile. Nikaona aibu kukurudia, ulikuwa umehangaika sana. Nikanunua nyingine."

Sikumpigia wa nne.

Raba bado iko kwenye droo. Kuna RAM ambazo kweli meno yake yamechafuka, na raba inazisaidia. Ila siku hizi mteja akileta mashine inayogoma na kuwaka, nampa daftari kabla sijashika bisibisi, na nimepata wawili waliokasirika wakaenda kwa fundi mwingine aliyewatengenezea siku hiyo hiyo. Meza ya kazi nimeihamishia ukuta wa pili. Vidole vinaniuma.

Daftari la Tumaini alinionyesha wiki iliyopita alipokuja kununua karatasi. Kaendelea kuandika, nilimwomba. Kuanzia siku niliyorudisha mashine, asubuhi zote za baridi kali zilizobaki za Julai na Agosti, safu ya tatu ni mara 1 mpaka chini ya ukurasa. Isipokuwa mstari mmoja.

Alhamisi, saa 12:55 asubuhi, mara 3, imewaka, ukungu. Mama alibonyeza mara ya pili kwa mazoea, akaizima.